Ngitili Iliyofungwa Novemba

Jumanne ya pili ya Novemba, baada ya kukamua, Bernadina alifunika maziwa kwa sahani ya bati, akajifunga kanga kiunoni na kwenda kufunga ngitili. Ilikuwa nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Kishapu, eneo la migunga na mikwaju na majani marefu chini yake. Kazi ya ngitili inajulikana na kila mtu Usukumani. Mvua zikianza inafungwa, mifugo haiingii na panga haligusi kitu. Julai, malisho yakishakauka kila mahali, inafunguliwa, na ng'ombe wanavuka ukame wakiwa hai. Haina uzio, na haijawahi kuhitaji uzio.

Bernadina alipita kona zote nne. Kila kona alishika majani, akayapiga fundo, akaiambia miti na majani kwamba sasa ni zamu yao kukua. Maneno hayo alifundishwa na mama mkwe wake, ambaye sasa amelala humohumo ndani, pamoja na wenzake wa zamani. Ng'ombe walikuwa wamesimama mpakani wakimtazama. Alipopiga fundo la nne waligeuka wakaenda kutafuta majani kwingine. Walikuwa wangapi haisemwi, kwa sababu kule chenye uhai hakihesabiwi kwa sauti.

Januari alikuja Eustace, afisa wa Mradi wa Misitu Iliyoungana. Mradi huo ulitaka kuunganisha msitu mkubwa wa mvua ulioko magharibi, ng'ambo ya maziwa makuu, na misitu midogo ya huku kwetu, kwa kutumia maarifa ya wenyeji na ushirikiano wa mataifa. Yote hayo yalikuwa yameandikwa mgongoni mwa fulana yake. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri, akapewa maziwa mgando, akanywa bakuli mbili, kisha akatoa fomu.

"Mama, hii ngitili ni ya nani?"

"Ni ya waliotangulia," alisema Bernadina. "Sisi tunaangalia tu."

Alijibu kama mtu aliyelelewa vizuri. Mwanamke wa kule akisimama mbele ya mgeni na kusema miti ni yangu, majani ni yangu, majirani wataanza kujiuliza alikosea wapi mama yake.

"Ina miti mingapi?"

"Si mingi. Ni kichaka tu, mwanangu."

Kwenye fomu palikuwa na nafasi tatu za mwenye eneo: mtu, kijiji, au taasisi. Waliotangulia hawakuwa na nafasi. Eustace alifikiri kidogo, akaandika kwamba eneo halina mwenyewe na lina miti michache. Akashukuru kwa maziwa, akaondoka.

Fomu ilizunguka kwenye meza kadhaa, na kila meza iliongeza muhuri. Ilipofika mwisho wa safari yake, eneo lisilo na mwenyewe lilikuwa limepata kibali cha kuvunwa, na kibali kilikuwa mkononi mwa Ignas, mwenye shimo la dhahabu huko Nyarugusu, upande wa magharibi. Ignas alihitaji matimba, yale magogo yanayofungwa ndani ya shimo ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Wakataji walifika Machi na misumeno ya mafuta.

"Hii imefungwa," Bernadina aliwaambia.

"Imefungwa na nani, bibi?"

"Na mimi."

"Na kufuli iko wapi?"

Walicheka, na mmoja wao alimwomba maji ya kunywa. Aliwapa. Walikata siku tatu, malori yakapakia, na jioni ya siku ya tatu kilichobaki kilikuwa visiki na majani yaliyolazwa na matairi. Bernadina alikaa juu ya kisiki cha mgunga mkubwa akalia kwa hasira, kwa sauti, bila kujali nani anamsikia. Kisha akaenda kukamua, kwa kuwa ng'ombe hawasubiri mtu amalize kulia.

Katika shimo hilohilo la Ignas alikuwa akifanya kazi Magesa, mwana wa pekee wa Bernadina. Wiki mbili baada ya matimba kufungwa alipiga simu.

"Mayu, migunga yetu imechipua."

"Yote?"

"Yote. Mpaka ile ya chini kabisa, kwenye giza."

"Ilifungwa Novemba," alisema mama yake. "Haijafunguliwa. Itaendelea kukua."

"Ndivyo nilivyowaambia," alisema Magesa, halafu akauliza habari za ng'ombe.

Mashimo ya jirani yaliporomoka mvua za Aprili, moja baada ya jingine. Shimo la Ignas halikudondosha hata tonge la udongo. Magogo yalitia mizizi ukutani, yakashikana matawi juu ya vichwa vya watu, na wachimbaji wakazoea kupanda juu na mabega yaliyochanwa na miiba. Kila siku saa nne asubuhi mvua ilinyesha humo chini kwa muda wa kama nusu saa. Ignas alinunua pampu ya pili na kuwagawia vijana makoti ya mvua. Hakukata bei ya makoti kwenye posho zao mpaka mwisho wa mwezi, na watu walimsifu kwa hilo.

Mei alituma gari kumchukua Bernadina. Alimkaribisha kwenye turubai lake, akamwagizia soda na chapati, akamwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua miti."

"Mama, hii ina mwenyewe sasa. Karatasi ninayo." Aliisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia saa. "Nilichokuitia ni kingine. Vijana wanasema wewe ukiifungua huko kwenu, na huku miti inaachia udongo. Ni kweli?"

Bernadina aliomba kwanza kumwona mwanawe. Walimshusha kwa kamba, kiti cha ubao kikizunguka taratibu, akipita kati ya matawi ya migunga yake mwenyewe. Aliitambua mmoja mmoja. Huu ndio aliofungia ndama wake wa kwanza. Ule ulikuwa na kovu la radi, na kovu lilikuwa palepale, limezungukwa na majani mapya. Chini kabisa alimkuta Magesa ameinama na sururu, maji ya mvua yakimchuruzika mgongoni.

"Toka humu, mwanangu," alimwambia. "Toka, nikafungue. Julai inakuja na ng'ombe watakula nini?"

Magesa aliweka sururu chini. "Nikitoka mimi ataingia mwingine, mayu. Naye ana mama."

"Mko wangapi humu chini?"

"Watu hatuhesabu," alisema Magesa, na hapo mama yake aliona aibu kwa swali lake.

Alipanda juu. Ignas alikuwa bado anasubiri jibu.

"Ndiyo," alimwambia. "Nikifungua, inaachia."

"Basi usifungue, mama yangu," alisema Ignas, akamwongezea chapati mbili za njiani zilizofungwa kwenye gazeti.

Habari za msitu ulio ndani ya shimo zilimfikia Eustace, naye aliziandika vizuri kwenye ripoti. Wakuu wa mradi walizisoma kwa furaha. Kwa hesabu zao, msitu wa Kishapu ulikuwa umepungua kwa upana lakini umeongezeka kwa kina, na juu ya hayo sasa ulikuwa umesogea karibu zaidi na msitu mkubwa wa magharibi, jambo ambalo mradi ulikuwa umelitafuta tangu mwanzo. Ramani mpya ilichorwa. Mstari wa kijani ulitoka msitu wa mvua, ukapita Nyarugusu, ukaishia nyuma ya nyumba ya Bernadina.

Juni ulikuja ujumbe wa mataifa matatu. Maturubai meupe yalifungwa, hotuba zikasomwa kwa lugha tatu, na Ignas alipewa cheti cha mlinzi wa msitu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na karatasi. Katika ujumbe huo alikuwamo Mama Kahindo, mwanamke wa makamo kutoka msitu wenyewe, ng'ambo ya maziwa, aliyevalishwa beji kubwa yenye neno "Mwenyeji". Aliomba kushuka shimoni pamoja na Bernadina. Walishushwa saa nne, mvua ilipoanza.

Mama Kahindo alikinga mvua kwa kiganja, akainusa, akailamba.

"Hii mvua ni ya kwetu," alisema. "Ni ya upande wa mto. Mwaka huu haikufika kule."

"Samahani," alisema Bernadina.

"Si wewe, mama. Miti ndiyo inaivuta. Inafanya kazi yake." Alipapasa gogo lenye kovu la radi. "Na hii walikuuliza ni ya nani?"

"Waliniuliza."

"Na sisi walituuliza, pori ni ya nani. Tukasema ni ya bankambo, wazee wa zamani. Sisi tunachunga tu."

"Wakaandika nini?"

"Ile ile."

Walikaa wamelowa, wakashikana mikono kama ndugu waliokutana msibani. Huo ndio ushirikiano wa mataifa uliofanyika siku hiyo, na haukuingia kwenye ripoti, maana mpiga picha aliogopa kamba.

Juu, mgeni rasmi alitaka kusikia sauti ya maarifa ya wenyeji. Bernadina alipewa kipaza sauti. Majirani zake waliokuja kwa basi la mradi walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Miti hii ni yangu," alisema. "Niliikuta midogo. Niliifunga mimi. Ni yangu, na majani ni yangu, naitaka irudi."

Alikuwa hajawahi kusema maneno hayo maishani mwake. Majirani zake waliinamisha vichwa kwa aibu, na mmoja alijifunika uso kwa mtandio. Mkalimani alitafsiri kwa uaminifu. Wageni walipiga makofi, kwa kuwa aliongea kwa hisia. Baadaye Eustace alimfuata pembeni, macho yake mekundu.

"Mama, ungesema hivyo Januari," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sasa fomu ilishakwenda."

"Januari ulikuwa mgeni wangu," alisema Bernadina.

Julai ilifika na jua lake. Malisho ya Kishapu yalikauka, kisha yakawa vumbi. Kwenye ngitili, katikati ya visiki, majani yalikuwa yameinuka tena mpaka kiunoni, mabichi, kwa sababu nayo yalikuwa hayajafunguliwa. Mafundo manne yalikuwa bado ya kijani. Kila asubuhi ng'ombe wa Bernadina walikwenda kusimama mpakani, wamejipanga, pua zikielekea ndani. Hakuna aliyevuka. Aliwahi kuwavuta kwa kamba, akawapiga, akawatukana, akakata majani kwa mundu na kuyaweka mbele yao. Waliyanusa tu wakarudisha macho kwake. Walikuwa ng'ombe waliolelewa vizuri, na yeye ndiye aliyewalea.

Kufungua ni kazi ya dakika chache. Unalegeza mafundo, unasema maneno, basi. Maneno ni yaleyale kwa mti na kwa jani, kwa kilichobaki na kwa kilichochukuliwa; hayana namna ya kufungua huku na kuacha kule. Alijaribu kukumbuka kama mama mkwe wake aliwahi kumfundisha namna hiyo. Hakumfundisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiba ngitili ikiwa imefungwa.

"Mama Magesa, unafungua lini?" majirani walimuuliza kisimani.

"Bado."

Waliitikia wakaendelea kuteka maji. Walijua Magesa yuko wapi.

Agosti Eustace alipita na pikipiki, akapiga picha ya majani mabichi na ng'ombe waliosimama nje kwa utulivu. Picha hiyo ilichapishwa kwenye kalenda ya mradi, ikiwa na maneno yanayosema kwamba jamii imeelewa umuhimu wa uhifadhi. Alimletea Bernadina nakala moja, akaitundika mwenyewe ukutani, hakukaa kunywa maziwa. Hata hivyo maziwa hayakuwapo.

Ng'ombe mwekundu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mama wa karibu zizi zima. Jumapili ya mwisho ya Agosti alipiga magoti palepale mpakani, mdomo wake shubiri moja kutoka kwenye majani, akalaza shingo chini. Bernadina alikuwa amemshika pembe wakati simu ilipoita. Aliipokea kwa mkono wa pili.

"Mwadila, mayu," alisalimia Magesa. Nyuma yake mvua ilikuwa ikinyesha juu ya majani. Ilisikika vizuri kabisa, mvua nzito ya msituni, na wanaume wakicheka ndani yake.

"Mwadila, baba. Mbona mvua mchana huu?"

"Siku hizi inanyesha mara mbili. Ignas ameongeza zamu, na shimo limekwenda chini sana. Ng'ombe hawajambo?"

Bernadina alimtazama ng'ombe mwekundu, ambaye alikuwa ameacha kupumua, na wengine waliokuwa wamesogea kujaza nafasi yake kwenye mstari.

"Hawajambo," alisema. "Wewe fanya kazi yako, baba."

Alikata simu, akaenda kwenye kona ya kwanza. Fundo lilikuwa limelegea kidogo kwa upepo, akalikaza.