Sikukuu Haina Viti

Shangazi aliviona viti kabla ya kuniona mimi. Vilikuwa vyeupe, vimepangwa safu safu mbele ya duka la fundi cherehani, na kamba imefungwa mbele yake.

"Nani kafiwa?" akauliza.

"Ni vya wageni, Shangazi. Watakaa hapo waangalie msafara."

"Waangalie." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyekutana na jiwe kwenye wali.

Mtaani kwetu, siku ya sikukuu hakuna mtazamaji. Tangu asubuhi kila mtu hufagia kipande cha barabara ili bendera ya nyumba ya ibada ipite mahali safi. Asiye na ufagio hubeba maji, asiye na nguvu hubeba mkeka. Hata mtoto wa mgongoni, husema Shangazi, amebeba usingizi. Na wimbo huanzishwa na yeye. Asipoimba, bendera haitoki.

Mimi ndiye niliyewaomba wazee wakaribishe wageni. Vijana wenzangu walikuwa wanahama mmoja mmoja, na waitikiaji wa ule wimbo wanapungua. Niliamini, na bado naamini, kwamba wakipata kazi ya kupokea wageni hapa hapa nyumbani, watabaki. Viti alivileta wakala wa watalii, ambaye mtaa ulishampa jina la Bwana Ratiba.

Akaja mbio, jicho kwenye saa. "Mama, basi limefika! Imbeni kidogo, wapate picha, kisha wapande tena."

"Mwanangu, hii ni ibada au sinema? Wape fagio."

"Mgeni hapewi kazi, mama. Wahenga walisema siku mbili kwanza, ya tatu ndiyo jembe."

"Sisi sikukuu yetu ni siku moja. Hiyo ya tatu utaitoa wapi?" Akaingia ndani. "Wakitaka kutazama, watazame mlango."

Mlango ukafungwa. Wabeba bendera wakaniangalia. Bwana Ratiba akaninong'oneza kwamba viti vikiondoka, wageni nao anawapeleka kwingine.

Nikasogea mlangoni. Ndani nilisikia kikohozi, kile cha mtu anayesubiri kuombwa vizuri.

"Shangazi, fagio zipo?"

Mlango ukafunguka upesi mno. "Zipo. Moja ina kipara, hiyo mpe Bwana Ratiba."

Nilifungua kamba mwenyewe. Wageni waliposhuka niliwaeleza desturi yetu, nikanyoosha ufagio. Kisha bibi mmoja mwenye mkongojo akacheka, akaomba mkeka. Wengine wakamfuata. Jamaa mmoja mrefu alifagia kwa bidii mpaka fundi cherehani akapiga kelele, "Mbele, baba, mbele! Vumbi lote unaniletea mimi!"

Shangazi akamrekebishia bibi yule mkeka begani, kama anavyonirekebishia mimi kola mpaka leo. Halafu akaimba. Bendera ikatoka. Wageni hawakuyajua maneno, ila pale pa kuitikia waliitikia, wengine wakiwa wamechelewa, na vijana wetu wakapaza sauti kuwaonyesha njia.

Jioni Bwana Ratiba alikuja uani, mavumbi mpaka kwenye nyusi. "Mama, mwakani nilete mabasi mangapi?"

Shangazi alikuwa akiegemeza fagio ukutani.

"Mabasi siyajui," akasema. "Njoo uzihesabu hizi. Zikiisha, na wageni wametosha."