Kidole Gumba cha Mzee Desmond

Kiazi kilikuwa kimetulia kwenye kijiko kuliko kiazi chochote kinavyopaswa kutulia. Baba mdogo Elkanah alikuwa amekikandamiza kwa kidole gumba, waziwazi, mbele ya watu wote, na alikuwa akivuka sebule ya wakwe wa dada yangu huku akiburuta mguu mmoja kama mtu aliyefungiwa jiwe. Watoto waliokuwa wakishindana naye walisimama. Neil, shemeji yangu, aliweka bilauri yake mezani bila kutazama meza iko wapi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mguu ule ni wa nani. Mwenye mguu alizikwa Januari, na sasa ilikuwa Machi.

Mimi nilikuwa nimesimama mwisho wa mstari, karibu na dirisha, kipenga shingoni. Ndimi niliyekuwa msimamizi wa michezo.

Imepita miaka michache. Naweza kuisimulia siku ile sasa bila mikono kutafuta cha kushika.

Nyumba ilikuwa Bowie, huko Marekani, katika mtaa ambao kila ua una nyasi zilizokatwa sawa na kila gari lina mahali pake. Wenyewe walikuwa Mzee Desmond na mkewe Noreen, wazazi wa Neil, Wamarekani ambao babu zao walitoka Ayalandi na hawakutaka mtu asahau. Kila sikukuu ya Mtakatifu Patriki ukoo ulikusanyika pale umevaa kijani, ukala kabichi na nyama ya chumvi iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa, kisha watoto wakacheza sebuleni kwa sababu nje bado baridi. Michezo yenyewe ilikuwa rahisi. Unafungwa kitambaa machoni, unabandika kofia ya karatasi kichwani mwa kijibwana cha ngano za Ayalandi, chenye ndevu nyekundu, kilichochorwa kwenye karatasi ukutani. Unarusha sarafu za chokoleti kwenye sufuria. Unakimbia na kiazi kwenye kijiko. Ukija hujavaa kijani, unafinywa.

Mzee Desmond ndiye aliyekuwa akitunga sheria, na ndiye aliyekuwa akizivunja. Kila mwaka alishiriki mbio za viazi pamoja na wajukuu, kila mwaka alikibana kiazi kwa kidole, na kila mwaka watoto walipiga kelele kwamba babu ni mwizi naye akaapa kwa watakatifu wote kwamba hana hata kidole.

Baba mdogo alimpenda kuanzia siku ya kwanza. Siku hiyo tulikwenda kujitambulisha, kabla dada yangu Vaileth hajaolewa, na baba mdogo alikaa muda mrefu akiwatazama wenyeji wanavyokunywa, wanavyotaja binamu zao wa mbali kwa majina matatumatatu, na wanavyogombana nani alimnunulia nani nini. Kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili:

"Hawa ni Wachaga."

"Baba mdogo, hawa ni Wazungu."

"Ni Wachaga. Jua tu ndilo halikuwafikia vizuri."

Sisi ni Wapare, wa Same, na Mchaga kwetu ni mtani. Neil, ambaye Vaileth alishamfunza Kiswahili, alipomtafsiria baba yake, pamoja na maelezo kwamba Wapare nao husemwa kwa ubahili na kupenda kesi, yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia hapo, kila baba mdogo alipobisha hodi Bowie, sauti ilitoka ndani: "Mpare kaja! Ficheni sukari!"

Lakini mtani hana kazi ya kuchekesha tu. Mtu akifa, mtani ndiye anayeingia msibani na kumsema marehemu vibaya mbele ya wajane wake. Huvaa koti lake, huiga mwendo wake, hulala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Wafiwa hucheka bila kutaka, na wakishacheka wanaweza kula. Bila yeye, msiba unabaki mbichi.

Januari Noreen alisema anataka mazishi madogo, ya watu wa nyumbani tu. Baba mdogo alikuwa ameshapiga pasi suti yake ya kahawia. Alikaa nayo sebuleni kwetu Temple Hills, televisheni imezimwa, mpaka giza likaingia. Kisha akaivua akaitundika.

Vaileth alihudhuria mazishi, lakini alikaa safu ya pili.

Hilo aliniambia yeye mwenyewe tukiwa ndani ya gari lake, mifuko ya viazi miguuni kwangu, siku chache kabla ya sikukuu. Noreen hakuwahi kumgombeza dada yangu hata mara moja katika miaka yote ya ndoa. Alikuwa na adabu kwake kama ya mhudumu wa benki: mpenzi, tafadhali, asante sana kwa kuja. Aliyemwita "binti yangu" alikuwa mzee. Na mzee alipougua, ni Vaileth aliyechukua likizo kazini akakaa naye wiki za mwisho, kwa sababu Neil na dada yake Sheila walikuwa na kazi zisizowaachia, na Noreen, aliyekesha naye kila usiku, mchana alianguka usingizi kama gunia.

"Kanipigia jana," Vaileth alisema. "Sikukuu iko palepale. Na baada ya kula, watoto wake watapanda juu chumbani, kila mmoja achague kitu kimoja cha baba yao."

"Vizuri."

"Kaniambia, 'Na wewe, mpenzi, labda ubaki chini na wadogo. Mdogo wako anaweza kukusaidia michezo.'"

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Nimemlisha kwa mkono wangu, Doro. Nimemfuta mdomo. Sasa nibaki chini na viazi." Akavuta pumzi. "Na huyo baba mdogo wako mwambie asithubutu. Akifanya vituko vyake pale, basi mimi nimekwisha. Watasema ndiyo watu wangu hao."

Nilimwambia. Nilimwambia siku ya sikukuu yenyewe, nikiendesha gari kutoka Temple Hills, naye kando yangu ndani ya suti ya kahawia.

"Baba mdogo, leo tunakula, tunaondoka."

"Nani kakwambia sili?"

"Unajua ninachosema."

"Desmond yuko kaburini mwezi wa tatu huu hajatukanwa. Unadhani analala?"

"Hawa hawajui mambo hayo."

"Diploma umepata, macho hukupewa," alisema, akageukia dirisha.

Alifinywa mlangoni na mjukuu mmojawapo, mtoto wa Sheila, kwa kosa la kahawia. Hicho ndicho kitu pekee kilichomchekesha mtu kwa muda mrefu. Nilibandika kijibwana ukutani. Anna, binti wa Vaileth, alifungwa kitambaa, akazungushwa, akakibandika kofia mdomoni, na wakubwa wakapiga makofi kama watu wanaomsikiliza mbunge. Sarafu zilirushwa kwenye sufuria. Kila mmoja alisubiri zamu yake kwa utulivu, hakuna aliyeiba, hakuna aliyegombana. Sebule ilikuwa kama chumba cha kusubiria daktari ambamo mtu ameweka mapambo. Kutoka jikoni Noreen aliuliza kwa sauti kama tunafurahi, na wote tukajibu ndiyo.

Nikapanga watoto kwa mbio za viazi. Baba mdogo alinyanyuka kwenye kochi akaninyooshea kiganja.

"Nipe kijiko."

"Baba mdogo."

"Nipe kijiko, mwanangu."

Hakuwa na uso wa mzaha. Nikampa.

Alipofika kwangu na kile kiazi kilichobanwa, sikupuliza kipenga. Aligeuka akawakabili, akaongea kwa Kiingereza, si kile chake cha Same, bali kile cha marehemu, kinachokwaruza koo:

"Kidole? Kidole gani? Mpekueni huyu Mpare, sukari yangu iko mifukoni mwake!"

Hakuna aliyetikisika. Sheila alikuwa amepauka mpaka midomo. "Neil," alisema polepole, "mwombe huyu bwana aondoke." Neil alimtazama mkewe. Vaileth alikuwa ameshika sahani ya mkate kifuani kama ngao, na nilimwona akipiga hesabu ya yote aliyoyapoteza.

Noreen alikuwa mlangoni pa jikoni. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Uma mkubwa wa nyama ulikuwa mkononi, unadondosha supu kwenye zulia.

"Cha kushoto," alisema.

Baba mdogo alimtazama.

"Alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Kama unamwigiza, mwigize sawasawa."

Baba mdogo alihamisha kijiko, kiazi na kidole kwenye mkono wa kushoto, kama mwanafunzi aliyesahihishwa ubaoni.

"Na mguu hakuuvuta namna hiyo. Hivyo ni ng'ombe. Alikuwa anautupa mbele kwanza, halafu anaufuata." Sauti yake ilikuwa kavu. Baba mdogo akautupa mguu mbele, akaufuata. "Hivyo," alisema Noreen. "Hivyo." Kisha, bila kumwelekea mtu: "Mwishoni alikuwa anaongeaje? Mimi nilikuwa nalala. Kila mchana nilikuwa nalala, na hakuna aliyewahi kuniambia alikuwa anasema nini."

Neil alikuwa kazini siku hizo. Sheila pia.

Kwetu mtani ana ruhusa yote, lakini mkwe hana hata moja. Mwanamke hamwigizi baba wa mumewe. Hafanyi hivyo akiwa hai, wala hafanyi akiwa amekufa. Vaileth amelelewa hivyo, na katika nyumba ile alikuwa mkwe mara mbili, kwa desturi yetu na kwa adabu ya Noreen. Aliweka sahani ya mkate sakafuni. Alikwenda kwenye kiti cha dirishani, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu Januari, akaketi. Aliinamisha kichwa upande mmoja. Mkono wake wa kulia ulianza kulipapasa paja taratibu, kama unatafuta miwani.

"Noreen amelala?" alisema, na sauti ilikuwa nyembamba, kila neno likipumzika kabla ya jingine. "Mwache. Usimwamshe. Akiamka... mwambie hii chai haikuchemshwa. Imetishiwa moto tu."

Nyuma yangu baba mdogo alinong'ona, "Mwanangu, huyo ni mkweo," akatazama chini. Ndiye aliyeona aibu, yeye aliyeianzisha.

Sauti iliyomtoka Noreen ilianza kama kikohozi. Kwa sekunde kadhaa haikuwezekana kujua itakwenda upande gani. Kisha akacheka, akiwa ameinama, ameshika mlango, akacheka kama mtu anayetapika, na kicheko kikageuka kilio njiani bila kusimama. Alitembea mpaka kwenye kile kiti, akaketi kwenye mkono wa kiti, uma bado kiganjani.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku. Hata siku niliyoileta inachemka."

"Na alisema nisiamshwe."

"Alinizuia nisiguse hata mlango. Alisema ukiamka utaanza kumpangia soksi."

"Mshenzi," alisema Noreen. "Mshenzi yule mzee." Neil alikuwa ameketi sakafuni, uso kwenye mikono. Watoto, walipoona wakubwa wameshindwa kujizuia, walihisi sheria zimelegea. Wakashika vijiko wote kwa pamoja, wakabana viazi kwa vidole, wakaanza kukimbia kila upande wakiitana wezi. Nikapuliza kipenga. Hakuna aliyenijali.

Tulikula. Nyama ilikuwa imezidi kuchemka, na watu waliongeza. Baba mdogo alimwambia Noreen, kwa Kiingereza chake mwenyewe sasa, kwamba mtani haondoki mikono mitupu. Noreen akamwuliza anataka nini. Akasema ataanza na kabichi. Sheila ndiye aliyempakulia. Hakumtazama usoni, lakini alimjazia sahani.

Baada ya kula Noreen alisimama, akafuta mikono, akapanda ngazi. Sheila akamfuata. Neil alisita, akaniangalia mimi badala ya mkewe, naye akapanda. Mpango ulijulikana tangu wiki iliyopita.

Vaileth alianza kukusanya sahani. Alizipanga kwa ukubwa, akazipeleka kwenye sinki, akafungulia maji. Nilikuja na masufuria nikasimama kando yake. Hakulia, wala hakuonekana kutaka kulia. Alikuwa akisugua uma mmoja ambao tayari ulikuwa safi.

"Nitaosha mimi," nilimwambia.

"Wewe futa."

Tukafanya hivyo. Sebuleni baba mdogo alikuwa ameshalala kwenye kochi ndani ya suti yake, mdomo wazi, na watoto walikuwa wanajaribu kumlenga kwa sarafu za chokoleti.

Kisha sauti ya Noreen ikashuka ngazi, kali, haina mpenzi wala tafadhali:

"Vaileth! Tukusubiri mpaka kesho?"

Dada yangu alifunga bomba. Alisimama hivyo, mikono inachuruzika, kana kwamba ametajwa mtu mwingine mwenye jina lake. Halafu akatoka upesi, akijifutia kwenye sketi ingawa taulo lilikuwa begani kwangu, na nikasikia akipanda ngazi mbilimbili, jambo ambalo mama alimkataza tangu utotoni.

Alichokichagua sikijui. Sijawahi kumwuliza. Nilifungulia maji tena, nikachukua ule uma. Juu, sakafu ya mbao ililia chini ya miguu ya watu wanne, na sikuweza kutofautisha ya dada yangu na ya wengine.