Mkono Uliochanja Kuku wa Kabuga

Mukandekezi hakuwa na jokofu, hakuwa na cheti cha mifugo, hakuwa na mume wa kumsemea mkutanoni, na sauti yake ilikuwa ndogo. Alikuwa na mkono mwepesi tu. Kwa mkono huo aliwachanja vifaranga wa ushirika mzima wa Kabuga dhidi ya Marek, ugonjwa wa virusi unaowaotesha kuku uvimbe.

Mwaka huu kuku wake mwenyewe wakakonda. Mchinjaji wa Biryogo alipowapasua alikuta maini yamejaa uvimbe. Ikavuma kwamba Mukandekezi huiacha chanjo ikapata joto, na jirani yake Sibomana akautaka ushirika umnyang'anye sindano.

"Wako wanakufa, Mama Kirezi," alimwambia mbele ya watu. "Sisi unatuchanjia nini, maji ya kisima?"

Mukandekezi alimwita Natacha, daktari wa mifugo wa Kinyinya, naye akauliza ni nani mwingine aliyechanjiwa kwa chupa ile ile. Alikuwa Mugenzi, mwanachama mwenzake, na kuku wake walikuwa wazima. Chanjo haikuharibika, basi. Ni kitu gani kilichoingia banda moja tu?

Mukandekezi akakumbuka. Alipopata mjukuu, aliletewa vifaranga vya zawadi, vimepauka kidogo. Kuitenga zawadi ya mtu aliona ni kumtukana, akavichanganya na vyake.

Natacha akapeleka damu ya kuku wa mabanda yote mawili maabara, na majibu yakasomwa mkutanoni. Kuku wa Mugenzi walikuwa na virusi vya Marek peke yake, vimetulizwa na chanjo. Wa Mukandekezi walikuwa navyo pamoja na vingine, vinavyomaliza damu na kinga ya kuku.

"Chanjo ni mlinzi," Natacha alieleza. "Virusi vya pili vilimfunga mikono, Marek akaingia akaotesha uvimbe."

Mtu akataka kujua vifaranga vilitoka kwa nani. Mukandekezi akasema zawadi haiulizwi mwenyewe. Ndipo Sibomana akasimama, amevua kofia.

"Vilikuwa vyangu. Mama Kirezi, sindano ni yako. Hata mimi nichanje ukitaka."

Ukumbi ukacheka, yeye akicheka kuliko wote, na mikono yote ikanyooshwa kumbakiza Mukandekezi kazini. Hapo hapo ikaandikwa barua ya kuagiza chanjo ya mwaka mzima, jina lake likiwa la mchanjaji pekee. Mukandekezi akaipaka bahasha gundi, akaibana kwa kiganja, na basi la mjini likaondoka nayo.