Buko na Gurudumu ya Nyuma

Mama, kama muko wako, bwana ya binti yako, anatengeneza mutoka mu lupangu, mu kiwanja cha nyumba, na weye unapita kusalimia binti yako, soma hii mbele ya kupiga hodi.

Binti yangu Chilufya anaikala hapa mu mutaa wa Hewa Bora na bwana yake Guelor, mutoto wa bantu ba Kambove. Bako na mutoto mumoja, Léa, angali ananyonya. Mimi niko karibu nao, ninaenda kwa miguu.

Kwetu, muko haangaliane na mama ya bibi yake uso kwa uso mpaka siku bazee banamuingiza: banamupikia, anakula mbele yetu, na buko, ile miiko ya mukwe, inalegea. Ile siku ya Guelor ilipangwa, tukapata kilio. Ikapangwa tena, kilio ingine. Kwa hiyo nikifika kwao, mimi ninapiga hodi, yeye anatoka kwa nyuma. Kama kuongea iko lazima, hatuongee sisi kwa sisi. Yeye anaambia ukuta, mimi ninaambia kuku, na kila mutu anasikia yake. Bageni banacheka. Sisi tunazoea.

Guelor iko na Toyota ndogo, ya zamani kidogo, usukani kuume sawa zile zote zinapitia Zambia. Nyuma ilianza kulia. Mutoka ikitembea inanguruma. Akikanyaga freni, ni chuma juu ya chuma. Guelor hakutaka kusikia habari ya garaji, kwa sababu siku moja alipeleka mutoka kwa fundi mumoja, akarudi na batri ya mutu mwingine. Akasema: «Nitafanya mwenyewe, hapa hapa.» Aliangalia video mu telefone, akanunua freni za nyuma na marulema mapya. Rulema ni ile pete ya chuma inafanya gurudumu izunguke bila kukwama. Ikizeeka, njo inanguruma vile.

Haraka ilikuwa hii: siku ya Mungu, njo Jumapili, walipaswa kwenda Kambove kumuonyesha Léa kwa babu yake, baba ya Guelor, muzee mwenye kuanza kukosa macho. Alituma neno: «Munaniletea ule mutoto wakati gani, wakati sitaona tena?» Basi siku ya posho, njo Jumamosi, asubuhi, Guelor akaweka matofali mbele ya magurudumu ya mbele, akainua nyuma na kriki, akaanza.

Ninasema kweli, alifanya muzuri. Alianza upande wa kushoto, akaacha wa kuume kama ulivyo, ili akisahau namna vyuma vinapangwa aende kuangalia kule. Aliondoa ile sufuria ya chuma inafunika freni, banaita tambour. Ilikataa, akaipiga na nyundo juu ya ubao mpaka ikatoka. Freni zilikuwa zimekwisha kabisa. Akaweka mpya, akatoa rulema ya zamani, akaingiza mpya na grisi. Kisha ile ekru kubwa ya katikati, nati inayoshika gurudumu. Ile ekru, usiifunge mpaka mwisho wa nguvu zako, rulema itaungua. Unaifunga, unairudisha kidogo. Na juu ya vile imerudishwa, inaweza kujifungua yenyewe njiani. Kwa hiyo iko na tundu, na mu lile tundu munapita kachuma kadogo kenye miguu mbili. Unakapitisha, unakunja miguu, ekru haitembee tena. Guelor anaita kale kachuma goupille, na kanakuja kapya pamoja na rulema. Juu yake unapiga kofia ya bati, na kachuma hakaonekane tena.

Kushoto akamaliza. Kuume alifika pale pa ekru. Aliifunga, akairudisha. Juu ya kitambaa chini, pembeni ya mukono wake, kulikuwa kachuma na kofia. Ilibaki tu kupitisha.

Njo pale nilipiga hodi.

Jirani yao, Angélique, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Ule mama hana siri. Akapaza sauti: «Guelor! Toka chini ya mutoka, buko imefika! Kimbia, baba, kimbia!»

Nilisikia nyundo inaanguka. Guelor akapita kwa nyuma ya jikoni, akaingia mu lupangu ya Angélique, mikono nyeusi na grisi.

«Usiguse nguo zangu na hiyo mikono!» Angélique akalia. «Simama pale. Simama sawa mwizi.» Kisha akainua kichwa juu ya ukuta: «Mama, unafukuza fundi ku kazi yake!»

«Mimi nimefukuza nani?» nikasema. «Nimepiga hodi sawa siku zote.»

Chilufya alitoka mbio na ufagio. «Mama, ngoja pale pale, usikanyage. Iko chafu, chafu sana.»

Hata mimi ningefanya vile. Nani anapokea mama yake mu lupangu yenye kutu, makaratasi na vyuma vya zamani? Akafagia. Akafagia pembeni ya mutoka, akakung'uta kitambaa cha Guelor. Kofia ya bati aliiona, akaiweka juu ya tofali. Kachuma hakukaona. Vyote vingine alivikusanya, akatupa mu shimo ya takataka. Kisha akanibusu, akanipa kiti mu nyumba, nikapakata Léa. Nje, Guelor akarudi.

Nilisikia sauti yake: «Chilufya, bintu bilikuwa juu ya kitambaa, biko wapi?»

«Kofia iko juu ya tofali. Vingine vilikuwa vya zamani, nikatupa.»

«Aa. Sawa.»

Sawa yake ilikuwa hii, alituambia kisha: aliona kofia imebaki peke yake, akajisemea, kumbe kachuma nilishakapitisha mbele ya kukimbia. Akapiga kofia, akarudisha gurudumu, akashusha mutoka. Akaenda kuzunguka mitaa kidogo, akarudi anacheka. Kelele ilikwisha. Angélique akamuimbia wimbo wa bibi harusi juu ya ukuta.

Mchana nilimenya mihogo na Chilufya, nikapeleka maganda mu shimo. Kulikuwa jua, na kintu kikang'aa mu takataka. Nikakitoa. Kachuma kapya, kenye grisi kidogo, miguu yake imenyooka. Pembeni yake kulikuwa tunyingine tuwili twa zamani, twenye kutu, miguu imekunjwa na kuvunjika. Mimi sijue mutoka. Lakini kuhesabu mpaka mbili ninajua. Magurudumu ya nyuma iko mbili. Vya zamani vimetoka viwili. Vipya lazima viingie viwili. Basi hiki kipya kinafanya nini hapa?

Nikamuonyesha Chilufya.

«Mama, labda banamupa moja ya zaidi ku duka.»

«Labda. Muulize.»

Akaenda kumuuliza nyuma ya nyumba, akarudi. «Anasema zote ziko ndani.»

«Alikuambia aliona na macho?»

«Mama! Anasema ziko ndani. Unataka nimuulize mara ngapi? Atasema ninamuona mujinga.»

Ona sasa buko inavyofanya kazi. Mimi ninauliza neno moja, binti anapeleka nusu yake, na jibu linarudi limesafishwa. Kama ningekuwa na ruhusa ya kumuuliza Guelor mwenyewe, angeshika kachuma, angekageuza, angejua. Nikakafunga mu pembe ya kikwembe changu cha kuvaa, nikaenda kwangu.

Siku ya Mungu nilifika mapema na karanga na samaki wakavu wa kupelekea baba-mukwe wa Chilufya. Mutoka ilikuwa tayari imetazama mulango. Chilufya alikuwa nyuma na Léa mapajani, Guelor ku usukani. Aliponiona akainamisha kichwa, sawa inavyofaa. Mimi nilipaswa kutoa karanga kwa Chilufya ku dirisha na kusogea pembeni. Nilitoa karanga. Sikusogea. Nikasimama mbele ya mutoka.

«Weye mutoka,» nikasema, «mimi mama ya Chilufya ninakuuliza. Gurudumu yako ya nyuma, ile ya kuume, kachuma kako iko ndani?»

Guelor akaongea na usukani. «Mutoka, jibu mama: kako ndani. Tena ambia mama tunachelewa. Mu barabara ya Likasi, jua likipanda, makamyo ya migodi inajaa mbele na nyuma.»

«Mutoka, ulikaona na macho, ao unafikiria tu?»

Guelor akashika usukani.

«Ee!» Angélique alikuwa ameshafika juu ya ukuta, kitambaa cha kulalia kichwani. «Leo mutoka inahukumiwa! Mutoka, sema kweli, mama anakasirika!»

«Mutoka,» Guelor akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, «muombe mama atoke mu njia.»

Nilifikiria zile kamyo. Unazijua, Mama: moja inakusukuma nyuma, moja inakuja mbele, na pembeni hakuna pa kukimbilia. Nilifikiria gurudumu linatoka pale, na Léa mapajani. Nikaenda ku dirisha lake. Nikamuangalia mu uso. Ilikuwa mara ya kwanza; iko na kovu kadogo juu ya nyusi, sikujua. Nikafungua pembe ya kikwembe, nikaweka kachuma mu mukono wake.

«Guelor. Hii nilitoa mu takataka. Fungua ile gurudumu.»

«Mama!» Chilufya akafunika uso na kitambaa cha mutoto.

Guelor aliangalia kachuma. Akakageuza. Aliona miguu imenyooka. Akashuka bila kuniangalia, akatoa kriki nyuma, akaweka matofali. Chilufya akatoka na mutoto, akanipa Léa. Guelor akalegeza bulo za gurudumu, akainua, akatoa gurudumu, akapiga kofia pembeni mpaka ikatoka.

Tundu lilikuwa tupu. Akashika ekru na vidole viwili, akaigeuza. Ikageuka, Mama. Kwa vidole. Jana, hata alipoirudisha kidogo, alisema ilitaka ufunguo na mukono wote. Na alikuwa amezunguka mitaa tu, si Kambove.

Aliikala juu ya tofali. Kisha akasimama, akaifunga sawa, akairudisha kidogo, akapitisha kachuma, akakunja miguu na koleo. Akamuita Chilufya aje aone. Chilufya akaona. Guelor akasogea pembeni, akabaki amesimama vile, mugongo kwangu, na mimi nikafahamu: aliacha nafasi. Nikainama na Léa mukononi, nikaona pia. Kisha akafungua na ile ya kushoto, ingawa ile ilikuwa sawa, akatuonyesha tena.

Walienda. Walichelewa.

Jambo la kusimama mbele ya muko na kumuita jina, bazee ba upande wetu balinihukumu kutoa kuku. Nilitoa, sikubisha. Heshima iko heshima. Lakini ninakuambia weye mama mwenye kusoma: ukifika kwa binti yako na unaona gurudumu chini, usipige hodi. Rudi. Kama ulishapiga na muko akakimbia, usiruhusu binti kufagia. Keti hata mu vumbi. Vyuma vibaki pale alipoviacha. Na binti, weye pia: kama unapokea mama, fagia jikoni, fagia barza, upande wa mutoka uache mpaka mwenyewe arudi na aangalie. Na muko, kofia ikiwa haijapigwa, usiseme «nilishapitisha». Fungua macho yako. Kukimbia buko kunasahaulisha mutu hata jina lake.

Ile siku nilikaa ku mulango wangu na telefone mapajani. Sikupika. Bantu bakinisalimia ninaitika bila kuwaona. Jua lilikuwa limeanza kushuka wakati ikalia. Nilijua ni Chilufya.

«Mumefika?»

«Tumefika, Mama. Muzee iko na Léa, anamushika pua na masikio, anasema iko sawa mama ya Guelor.»

«Mumegusa magurudumu? Iko moto?»

Alisogeza telefone. Nikasikia bantu banaongea, kuku, mutoto analia kidogo. Kisha mutu mwingine akapumua mu telefone, na haikuwa binti yangu.

«Mama,» akasema. «Ni Guelor. Nimegusa zote mbili. Iko vuguvugu tu, ya kuume na ya kushoto.»

Hakuambia ukuta, hakuambia mutoka.

«Aksanti, baba,» nikasema. «Kula sasa. Na kesho, mbele ya kutoka, gusa tena.»

«Ndiyo, Mama.»