Marehemu Haweki Saini

Aurelio Cantillo aliomba utepe wa kupimia nguo, akaupima ukuta. Aliunyoosha kwenye kizingiti cha mlango, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa ndani, kwa vidole vyepesi, kama fundi anayempimia bwana harusi kiuno. Zenaida Ospino aliacha kukanyaga cherehani akamtazama. Tangu azaliwe katika nyumba ile hakuwahi kumwona mtu akiigusa kwa adabu namna hiyo.

"Karibu mita nzima, dada Zenaida," mgeni alisema, akipuliza chokaa iliyomganda kidoleni. "Ukuta huu ulijengwa na watu waliotarajia kukaa."

"Na tumekaa," Zenaida alijibu, kisha akaona haya kwa kuwa neno lilimtoka upesi.

Ilikuwa Kwaresima, msimu wake wa kazi. Vitambaa vya zambarau vilijaa mezani, vitini, hata kitandani, maana nusu ya wanaume wa mji wa Mompox, Kolombia, wanaobeba sanamu za Juma Kuu hawakuamini mikono mingine kwa kanzu zao. Aurelio alikuwa ametoka Cartagena na mkoba wa ngozi na viatu visivyojua matope ya mto Magdalena. Alisema anazitafuta nyumba kongwe kuliko zote mjini, ili kila moja ipewe heshima yake: kibao ukutani, jina la ukoo, mwaka.

Hakuifanya kazi yake kwa kificho. Ofisi ya kumbukumbu za majengo iko wazi kwa kila mtu. Ukilipa ada unapewa historia ya nyumba yoyote uitakayo, nani alimuuzia nani, nani alirithi kwa nani. Aurelio alizifuata hati kinyumenyume, kama mtu anayefumua vazi kuanzia pindoni hadi kwenye fundo la kwanza. Lakini hati za kale hazikujua namba za nyumba. Zilisema tu: upande wa mtoni, mjane fulani, upande wa kanisani, mtengeneza mishumaa. Hapo karatasi ilinyamaza, akahitaji mtu. Na Zenaida alikuwa amelelewa na bibi yake, Eudosia, mwanamke ambaye hakuweza kupita mlango wa mtu bila kusimulia nani alizaliwa nyuma yake na nani alitolewa humo akiwa amebebwa.

Basi Zenaida akawa anamtembeza. Asubuhi kabla ya jua kukaza walipita barabara ya mtoni, yeye mbele kwa aibu yake, Aurelio nyuma na hati zake. Palipokuwa na mashaka Zenaida aligonga, na watu walifungua kwa sababu ni yeye. Waliwaletea viti vya kubembea, wakawamiminia kahawa.

Jirani yake Dominga, muuza jibini, hakuacha jambo hilo lipite hivihivi.

"Shoga, kanzu za watu utazishona lini? Au siku hizi wewe ndiye unayepimwa?"

"Dominga, acha maneno yako."

"Mimi nasema tu. Mwanamume anayekula samaki wako mpaka kichwa, halafu akausifu mwiba, huyo ana lake."

Lakini hata Dominga alifungua mlango. Aurelio alipomwonyesha kwamba nyumba yake bado imeandikwa jina la mama yake, Petronila, aliyezikwa zamani, Dominga alicheka mpaka sinia la jibini likatikisika.

"Kwani wewe ulidhani imeandikwa jina la nani?"

"Hamjabadilisha?"

"Tubadilishe ili iweje? Tumzike mara ya pili?" Dominga alijifuta machozi ya kicheko. "Sikiliza, mwanangu. Aliye hai atalewa aiuze nyumba. Atapenda aigawe. Mama yangu halewi tena, wala hapendi mtu. Marehemu haweki saini. Hakuna kufuli kama hiyo."

Ndivyo walivyoamini watu wote wa barabara ile, na Zenaida naye, maana nyumba yake bado ilikuwa kwa jina la Eudosia. Kila jioni, akifunga dirisha lenye nondo, alisema kimoyomoyo, "Lala salama, bibi, na nyumba yako," akahisi mtu anamlinda.

"Kweli kabisa," Aurelio alisema, akatabasamu. Kisha akauliza kwa upole kama kuna ndugu wengine walio mbali, awaalike siku ya kuweka vibao.

Watu wakamwambia. Nani asiyependa kuwataja ndugu zake walioko mijini? Dominga akamtaja kaka yake aliyehamia Cartagena. Zenaida alimtaja Edilma, mdogo wake wa pekee, aliyeolewa Barranquilla na ambaye bado huja kila Juma Kuu na mkate mtamu kwapani. Akampa na namba ya simu.

"Mwambie nimekutuma mimi," alisema, "ndipo atakusikiliza. Edilma hamwamini mtu."

Aurelio akaaga. Vibao vingekuja na mashua, alisema.

Majuma yalipita, na Zenaida aliingia kwenye kanzu zake mpaka shingoni. Siku moja Dominga aliingia bila hodi. Hakuwa na sinia, wala hakuwa na kicheko.

"Fisi wako ameshakula kwetu."

"Fisi gani?"

"Huyo uliyemwonyesha zizi! Kaka yangu amenipa kisogo, Zenaida. Amemuuzia yule bwana urithi wake wote kutoka kwa mama. Nusu ya nyumba yangu sasa ni ya mtu mwenye mkoba!"

"Lakini mama Petronila hakuweka..."

"Mama hakuweka! Mtoto wake ameweka!" Dominga alijipiga paja. "Tulikaa tukimlinda maiti, kumbe wenye mikono walikuwa Cartagena."

Zenaida alimshika mkono, akampa maji, akamwambia yote ambayo huambiwa mtu aliyeibiwa. Na katika pembe moja ya moyo, pembe ambayo baadaye aliionea aibu, alishukuru kwamba yeye ana Edilma. Wanaume ni wanaume. Lakini Edilma alilala kitanda kimoja naye mpaka alipoolewa. Nywele zake alizisuka yeye.

Alimpigia simu ili wacheke pamoja, wamlaani yule bwana, yaishe.

"Dada," Edilma alisema, "kwani hukujua?"

"Nijue nini?"

"Alikuja hapa. Aliniambia umemtuma wewe. Ni maneno yako hasa, dada: mwambie nimekutuma mimi. Nikadhani umechoka na lile paa linalovuja, na wewe unaona haya kusema. Unajua ulivyo."

"Umeiuza nyumba?"

"Sikuuza nyumba. Nyumba ni ya bibi, nitaiuzaje? Nimeuza haki yangu tu."

"Haki yako ya nini?"

"Ile ya... ya kuwa mjukuu wake. Ndivyo ilivyoandikwa. Haki zote za kuwa mrithi wa Eudosia."

Mto ulikuwa ukipita nje ya dirisha kama siku zote. Zenaida alishika kitambaa kilichokuwa karibu akakikunja, akakikunjua.

"Na hukunipigia kuniuliza?"

Zenaida alisikia redio ya watu wengine huko Barranquilla, na mtoto anayeitwa akale. Kama Edilma angejitetea, kama angetukana hata, Zenaida angepata pa kuweka mguu. Lakini ilisikika redio tu, na kadiri ilivyoendelea ndivyo alivyoelewa: mdogo wake hakupiga kwa sababu alijua jibu.

"Umekaa humo maisha yako yote," hatimaye Edilma alisema, taratibu. "Nimewahi kukudai? Hata chumba kimoja?"

Aurelio alirudi mwenyewe, viatu vikiwa safi vilevile. Hakujificha, na hilo ndilo lililomuuma Zenaida zaidi. Alisimama kizingitini pale alipokuwa amepima.

"Sikukudanganya, dada Zenaida. Nilisema natafuta nyumba kongwe."

"Ulisema kibao."

"Na kibao kitakuwepo! Hoteli nzuri huwa na kibao. Nusu ni yangu, nusu ni yako. Tusipoelewana, mahakama itaiuza yote, na mnunuzi ni mimi. Ya nini tufike huko? Kubali, na mimi nitakuachia chumba cha mbele, wewe na cherehani yako. Wageni watapenda kukuona ukishona."

Zenaida, ambaye hakuwahi kumfukuza hata kuku, aliuchukua utepe wake kutoka mezani, akauviringisha taratibu kidoleni mpaka ukaisha.

"Toka mlangoni," alisema. "Unanizibia mwanga."

Kulikuwa na wakili wa bure, msichana aliyekuja Mompox na mashua na kukaa kwenye chumba kimoja nyuma ya manispaa. Zenaida alingoja zamu yake miongoni mwa watu wa barabara yake. Hakuna aliyempisha kwenye benchi. Waliomfungulia milango kwa sababu ni yeye, sasa walimtazama kwa sababu ni yeye.

"Nani anayeezeka paa?" wakili aliuliza.

"Mimi."

"Nani analipa kodi ya jengo?"

"Mimi."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya bibi."

Wakili akaweka kalamu chini. "Mama, neno hilo usilirudie tena. Kwa muda uliokaa, tunaweza kudai nyumba yote, hata hiyo nusu aliyoinunua. Lakini sheria humsikiliza anayekaa kama mwenyewe. Anayekaa kama mjukuu ni mgeni wa marehemu tu. Hakimu atakuuliza kama nilivyokuuliza. Utasemaje?"

Zenaida alijaribu. Midomo ilifunguka, neno likakataa.

Alilifanyia mazoezi nyumbani, juu ya cherehani, mdundo wa kanyagio ukimfunika. Yangu. Yangu. Lilikuwa na ladha ya kitu kilichoibwa jikoni. Mwanzoni alilinong'ona ili kuta zisisikie. Siku zilivyokwenda alilisema kwa sauti ya kawaida, na jioni moja alitambua kwamba amefunga dirisha bila kumuaga mtu.

Jumatano ya Juma Kuu, kama ilivyo desturi ya Mompox, watu walikwenda kuwapigia wafu wao muziki. Makaburi meupe yalikuwa yamejaa mishumaa tangu magharibi, na bendi ilikuwa ikipita kaburi kwa kaburi, kila familia ikingoja zamu. Zenaida alipofika kwa Eudosia alikuta mshumaa umekwisha washwa. Edilma alikuwa amesimama upande wa pili, amevaa nguo ya heshima, mkate mtamu umefungwa kwa kitambaa kwapani.

"Dada," Edilma alisema.

Zenaida aliwasha mshumaa wake mwenyewe, kwa kiberiti chake.

Mkuu wa bendi aliwafikia akijipangusa jasho. Aliwajua tangu wakivaa gauni za kitambaa kimoja. "Haya, mabinti wa Eudosia. Wimbo ni uleule?"

"Uleule," Edilma alisema haraka. "Kwa Eudosia Ospino."

"Kutoka kwa nani?" aliuliza, maana ndivyo inavyoulizwa, ili atangaze na majirani wasikie.

Edilma alifungua kinywa. Kila mwaka ni yeye aliyekuwa akijibu, kwa kuwa Zenaida aliona haya mbele za watu: kutoka kwa wajukuu zake. Safari hii neno lilimkwama. Akamtazama dada yake, macho yakimwomba alitamke yeye, awabebe wote wawili.

"Jamani, kuna foleni," mkuu wa bendi alisema. "Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa Zenaida," Zenaida alisema.

"Na mdogo wako?"

"Kutoka kwa Zenaida."

Mkuu wa bendi aliwatazama, mmoja kisha mwingine, kisha akageuka akatangaza alivyoambiwa. Kwenye kaburi la Petronila, Dominga aliinua kichwa. Tarumbeta zikaanza, zile noti ndefu za chini alizozipenda bibi, na watu waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza.

Edilma hakuondoka. Aliweka mkate juu ya kaburi, akabaki amesimama mikono ikining'inia. Upepo kutoka mtoni ulipita ukazima mshumaa wake. Aliuchukua, akauinamisha kuelekea ule wa dada yake, utambi ukikaribia moto bila kuugusa, akaushikilia pale hewani. Na wimbo ulikuwa bado umebakiza ubeti mmoja.