Ombi la Teofili Mbele ya Chama

Sauti ya Balbina ilikuwa imekauka tangu asubuhi. Alisimama juu ya dungu, kilingo cha miti cha kulindia shamba, kombeo mkononi, akiwarushia ndege madonge ya udongo. Wakifukuzwa huku, wanatua kule. Wanawe watatu walikimbia pembezoni mwa shamba wakipiga kelele, matumbo matupu. Huu ulikuwa mpunga wao wa kwanza tangu vita vya Maji Maji viishe. Ule wa nyuma askari wa Wadachi waliuchomea ghalani, na baba wa watoto hakurudi kutoka vitani.

"Shikamoo, kaka," Balbina aliamkia kutoka juu.

"Marahaba, dada," alijibu Teofili, kaka yake mkubwa, akiukung'uta upindo wa kanzu yake ya serikali. Yeye ndiye msimamizi wa shule za upande huu wa bonde. "Watoto hawaonekani shuleni."

"Nikikupa, nani aamie ndege? Wakiachiwa shamba siku moja tu, tumekufa."

Teofili aliona aibu. Yeye alikuwa ameshiba.

"Nitalisema kwenye chama," aliahidi. "Wasimamizi wote tukiwa na sauti moja, Bwana Mkubwa wa Wadachi atasikia. Shule zifungwe mpaka mavuno."

Balbina alimtazama kama mtu anayetaka sana kuamini.

Chama cha Wasimamizi wa Shule kilikutana Ifakara, barazani kwa akida. Kiliundwa ili wasimamizi wateteane. Mpaka siku ile kazi yake kubwa ilikuwa kupanga nyimbo za kumpokea Bwana Mkubwa akishuka kutoka Mahenge, na sasa alikuwa anakuja tena, kukagua shule zisizo na watoto. Mwenyekiti, Hermenegildi, alikuwa hana usingizi.

Teofili alisimama. "Mwenyekiti, watoto hawa si watoro. Wanaamia ndege."

"Wapi? Majumbe wote wanasema hawajui watu wao walikokwenda."

"Wanajua sana! Masika watu wa bonde huhamia mashambani, ndivyo tulivyolelewa. Wako ng'ambo ya mto."

Kelestini, msimamizi mwenzake, alimkanyaga mguu. Teofili aliusogeza tu mguu wake na kuendelea, maana aliona mwenyekiti anamsikiliza kwa makini, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Ng'ambo ipi?" Hermenegildi aliuliza kwa upole.

"Ukifuata mkondo wa kushoto, ukipita matete, madungu yote unayaona. Hakuna anayejificha, mwenyekiti. Ni njaa tu. Tunaomba shule zifungwe mpaka mavuno."

Kelestini, ambaye mama yake mzazi alikuwa kule, alitazama chini.

"Ndugu zangu," alisema Hermenegildi, "tumpongeze mwenzetu. Majumbe wametuficha muda wote huu. Na mtu anayekaa ng'ambo bila ruhusa, baada ya vita vile, mnajua serikali inamwitaje."

"Lakini ombi langu..."

"Limepokelewa. Tutalijadili baada ya mavuno. Kwa sasa chama kinakupa heshima ya kuwaonyesha askari njia."

Walipiga makofi. Kelestini naye alipiga, polepole.

Asubuhi iliyofuata askari waliyakata madungu kwa mapanga, moja baada ya jingine, ili watu wasirudi kukaa kule. Watoto walikusanywa ukingoni wapelekwe shuleni. Akina mama waliambiwa waondoke kabla ya jua kutua. Balbina hakulia.

"Kaka, ni wewe uliyewaleta?"

"Nilikuombea, dada. Mungu anajua nilikuombea."

"Ulimwambia nani nilipo?"

Balbina aligeuka akaingia katikati ya mpunga, akaanza kurusha matope kwa mikono, bila dungu, bila kombeo, huku askari akimwita.

Mtumbwi uliowabeba watoto, Teofili na askari ulipoachana na ukingo, kundi la kwanza la ndege lilishuka. Likafuata la pili, kubwa zaidi. Binti mdogo wa Balbina alisimama ndani ya mtumbwi akapiga kelele, "Haaa! Haaa!" Kaka zake wakadakia, kisha mtumbwi mzima, watoto wote wakipiga makofi na kuzomea kuelekea mashamba ya mama zao, mpaka mtumbwi ukayumba.

"Msimamizi!" alifoka askari. "Wanyamazishe hao!"

Teofili aliitazama bunduki, akawatazama wapwa zake. Kisha akainua mkono, kama anavyofanya darasani, akawaambia wanyamaze.