Uchochoro Ulioingia Ndani ya Mshono

Karani wa ofisi ya mtaa alifika kwa Mama Pindo Jumatatu asubuhi akiwa amekumbatia karatasi mbili kubwa zilizoviringwa kama mikeka, na kabla hata hajaketi alianza kulalamika juu ya gundi. Gundi ya ofisi ilikuwa imekauka ndani ya kopo, na kijiko kilichokuwamo hakitoki tena. Utepe wa kunata ulikuwepo, ila mwenyekiti alishaumaliza kufungia mkono wa miwani yake. Na ramani ya mtaa imekuja vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, na Alhamisi mtaalamu wa maji anakuja kuisoma mbele ya watu wote. Je, Mama Pindo angeweza kuviunganisha kwa cherehani?

Mama Pindo alikuwa fundi wa cherehani kwa miaka thelathini na moja sasa. Jina lenyewe alipewa na wateja, kwa kuwa pindo lake likishaingia kwenye sketi halifumuki mpaka sketi yenyewe iombe kustaafu. Kuulizwa kama ataweza kulimkera kidogo. Alimwambia karani aziache karatasi hapo mezani, aende zake akatafute kijiko kingine.

Lakini hakuichukua kazi ile kwa ajili ya sifa tu. Ramani hiyo ndiyo ingeamua bomba liwekwe wapi. Bomba lilikuwa moja kwa mtaa mzima, na barua ya idara ya maji ilisema wazi kwamba litasimama mahali ambapo watu wamesongamana zaidi. Sasa uchochoro wa Mama Pindo ulikuwa na nyumba tisa, zimebanana kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu anaambiwa pole kutoka upande ule. Hakuna mtaani aliyesongamana kuwashinda. Na kila siku yeye na wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye mlango wake ulitazamana na wa Mama Pindo ng'ambo ya uchochoro, walipanda kilima kwenda kisimani, hatua mia nne na kumi na mbili. Wifi ndiye aliyezihesabu, kwa sababu wifi alihesabu kila kitu. Kisha hatua zilezile kurudi, ndoo kichwani. Wifi alikuwa na mgongo mbovu, na Mama Pindo alikuwa na goti linalolia kama bawaba ya mlango wa stoo. Bomba likija uchochoroni, mgongo na goti vyote vingepata likizo.

Basi kazi ile aliifanya kwa heshima zote. Alifuta meza mara mbili, akaikausha. Akatoa uzi mweusi uliokuwa kwenye cherehani, akaweka mweupe. Akabadili sindano, akaweka ile nyembamba ya hariri, na akarefusha hatua ya mshono ili karatasi isije ikachanika kama stempu. Akaziweka karatasi uso kwa uso, barabara kubwa ya huku juu ya barabara kubwa ya kule, kama anavyolinganisha mistari ya kitambaa ili isipishane begani. Akaacha sentimita moja na nusu kila upande, kama alivyoacha kwenye kila kitu alichowahi kushona maishani, kuanzia shela mpaka foronya, akapiga mshono mmoja kutoka juu hadi chini bila kupumua. Alipomaliza aliufungua ukingo kwa nyuma, akaulaza huku na huku, akaupitishia pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa.

Karani alipokuja kuichukua alipitisha kidole mbele ya ramani akitafuta palipoungwa, asipaone. Barabara ilipita moja kwa moja bila hata kujikwaa. Alimwambia Mama Pindo kwamba serikali ingekuwa na mafundi kama yeye, nchi ingekuwa mbali. Mama Pindo alijifanya hakusikia ili alirudie, na karani akalirudia.

Alhamisi ofisi ya mtaa ilijaa mpaka watu wakakalia makabati. Ramani ilikuwa imetundikwa ukutani kwa misumari minne, nyeupe, imenyooka, na Mama Pindo alikaa benchi la mbele kama mama wa bibi harusi. Mtaalamu wa maji alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vina matope ya mitaa mingine, penseli amechomeka sikioni. Alieleza kwa upole kabisa. Visanduku vidogo ni nyumba. Mstari mnene ni barabara, mwembamba ni njia ya miguu. Na kipimo kimeandikwa hapa chini: sentimita moja kwenye karatasi ni mita ishirini ardhini. Alikuwa na kopo la pini zenye vichwa vyekundu, idadi sawasawa na kaya zilizomo kwenye daftari la mtaa, pini moja kwa kila kaya. Kila mtu aje achomeke ya kwake. Zikikaribiana sana mahali, hapo ndipo penye watu, na hapo ndipo bomba litakapokwenda.

Ikawa furaha. Watu wazima walisukumana kama wanakwenda kupiga picha. Mwenye mashine ya kusaga aliiona mashine yake akaipigia saluti. Mwalimu mkuu aliiona shule, akasema imechorwa ndogo, akataka kujua ni kwa amri ya nani. Kinyozi alichomeka pini yake, akarudi nyuma hatua tatu, akaitazama kwa jicho moja kama nywele aliyoinyoa, akarudi kuinyoosha.

Wifi alikwenda na pini yake mkononi, akainama, akatafuta. Akavaa miwani, akatafuta tena. Akavua, akaifuta kwa upindo wa khanga, akavaa. Kisha akageuka na kumwita Mama Pindo kwa kidole tu, bila kusema, na Mama Pindo akajua kwamba lipo jambo, kwa sababu tangu aolewe na kaka yake wifi hakuwahi kufanya lolote bila kusema.

Wakatafuta wote wawili. Mashine ya kusaga hii hapa. Shule hii hapa. Kati ya hizo mbili, mahali ambapo uchochoro wenye nyumba tisa, vyoo vitano na mlango wa Mama Pindo uliopakwa rangi ya kijani ungepaswa kuwepo, palikuwa na ukuta wa shule tu, umeegemeana na ukuta wa mashine kama walevi wawili. Juu yake kidogo, uwanja wa mpira ulikuwa umebakiwa na upana wa kitanda.

Majirani wao wa uchochoroni nao walikuja, wakainama, wakainuka na pini zao. Mtaalamu akatazama kopo lake tupu, akatazama mikono ya watu, akauliza hizi pini tisa ni za nani.

Karani alifungua daftari. Yeye alikuwa mtu wa kuamini karatasi, na karatasi yenye muhuri aliiamini mara mbili. Alipitisha kidole kwenye majina, akapitisha jicho kwenye ramani, akakohoa.

"Hao watakuwa walihama," alisema.

"Nimehama lini, mwanangu," wifi alimuuliza, "na nani alinibebea kabati?"

Karani alisema yeye hana ugomvi na mtu, ila ramani imetoka idara ya ardhi, ina muhuri, ina sahihi, na kwa mujibu wake mtu akitoka mashineni anaingia shule. Mama Pindo alimuuliza Jumatatu ile yeye karani alikwenda wapi na zile karatasi mbili, kama si kwenye nyumba. Karani alifikiri kidogo, akasema kwamba hilo ni kweli, lakini halimo kwenye kumbukumbu za ofisi. Kinyozi akaongeza kutoka nyuma kwamba sasa ameelewa kwa nini watu wa uchochoro ule hawaji kunyolewa.

Mwenyekiti aliomba utulivu, akashauri pini tisa zirudi koponi, kazi iendelee, mambo ya waliohama yatazungumzwa siku nyingine. Mtaalamu alikwishaishika penseli. Pini zilikuwa zimejazana zaidi upande wa mabanda ya kuku, karibu na nyumba ya mwenyekiti mwenyewe, na mwenyekiti alikuwa ameanza kutabasamu kwa aibu, kama mtu anayepewa zawadi aliyoinunua mwenyewe.

Hapo wifi akasema neno la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, ingawa yeye alikuwa anagomba tu. Alisema kutoka mlango wa mashine mpaka lango la shule ni mita mia moja na sitini, yeye amezihesabu, na iwekwe rula hapo waone. Mtaalamu akaweka rula. Sentimita tano. Mita mia moja kamili.

"Sitini zimekwenda wapi?" wifi aliuliza. "Zimeliwa na kuku?"

Watu wakacheka. Mama Pindo hakucheka. Mita sitini, kwa kipimo kile, ni sentimita tatu. Na sentimita tatu ni moja na nusu ya huku na moja na nusu ya huku. Hesabu hiyo alikuwa ameifanya maelfu ya mara, kila alipokata kitambaa. Bega, kiuno, foronya, vyote huachiwa nafasi ya mshono kwa sababu aliyekata alikata kikubwa akijua kitaliwa. Lakini aliyechora ramani hakukata kikubwa. Alichora mpaka ukingoni kabisa, na ukingoni kabisa ndipo walipokuwa wanaishi wao: nyumba ya Mama Pindo mwisho wa karatasi ya kushoto, ya wifi mwanzo wa karatasi ya kulia.

Alitazama penseli ya mtaalamu ikishuka kuelekea mabanda ya kuku. Akawaza miaka thelathini na moja bila kurudishiwa nguo hata moja. Nusu ya wateja wake walikuwa mle ndani, na nusu nyingine wangesimuliwa kabla ya jioni. Angeweza kunyamaza. Watu wa nyumba tisa wangeandikiwa kwamba walihama, naye angekuwa mmojawapo, na sifa yake ingebaki ukutani imenyooka, huku yeye mwenyewe anapanda kilima na ndoo mpaka goti litoke. Goti, kana kwamba limesikia, likalia.

Alisimama.

"Hatukuhama," alisema. "Nimetushona kwa ndani."

Mwenyekiti alivua miwani, na utepe wake ukabanduka. Mama Pindo hakungoja maswali. Aling'oa misumari minne kwa mkono wake, akailaza ramani kifudifudi juu ya meza ya mwenyekiti, akawaonyesha ukingo. Alikuwa hajaukata. Fundi mzuri haukati ukingo, kwa sababu mteja anaweza kunenepa. Akatoa wembe kwenye pochi, akaanza kufumua, uzi mmoja mmoja, na ofisi nzima ikamzunguka kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe.

Kilianza kutoka choo cha mzee wa nyumba ya kwanza. Mwenyewe alishangilia kidogo, kisha akaona haya. Ikafuata nyumba yake, na ya jirani yake, na kona yenye jalala. Uwanja wa mpira ukapanuka. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya Mama Pindo, pumzi zake shingoni, akimwambia taratibu, taratibu wifi, usinikate jikoni. Alipotokea alijitazama vizuri, akasema amechorwa bila dirisha, lakini si kitu.

Mshono mzima ulipofumuka, mtaalamu aliomba vipande vishikwe ukingo kwa ukingo mezani, pasipo cherehani. Mama Pindo akashika cha kushoto, wifi akashika cha kulia. Pini tisa zikachomekwa, nazo zikasongamana kama watu kwenye kivuli kimoja. Hakukuwa na ubishi. Mwenyekiti mwenyewe alisema haki ni haki, ingawa alilisema akitazama dirishani. Mtaalamu akaishusha penseli katikati ya pini zile, akatia doti.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba doti imeangukia upande wa wifi.

Mama Pindo akasogeza karatasi yake, unywele tu. Wifi akasogeza ya kwake. Mtaalamu akatia doti nyingine, na hii ikaangukia upande wa Mama Pindo. Wifi aliuliza kama karatasi ile ina miguu. Mama Pindo alijibu kwamba doti yenyewe ni nene, ni milimita mbili nzima, na milimita mbili hapo ni mita nne, kwa hiyo doti peke yake imeshakula baraza yake yote na robo ya jiko la mtu. Aliomba penseli ichongwe. Mtaalamu aliichonga. Doti ya tatu, nyembamba kama jicho la sindano, ikaingia katikati kabisa, pale karatasi mbili zinapokutana, ikatoboa kitambaa cha meza ya mwenyekiti.

Mtaalamu alivuta pumzi, akasema yatosha, twendeni tukapaone.

Wakatoka wote, kundi zima, mpaka uchochoroni. Karani alikuwa wa mwisho, na alipofika alizigusa nyumba zile kwa kiganja moja baada ya nyingine, kwa adabu. Mtaalamu aliazima utepe wa kupimia wa Mama Pindo, akapima kutoka mlango wa kijani mpaka mlango wa wifi, akagawa kwa mbili, akapigilia kigingi. Ni hapa, alisema. Katikati, si kwa huyu wala si kwa yule.

Wifi alikizunguka kigingi mara moja. Akauliza mdomo wa bomba utatazama wapi.

Mama Pindo alikuwa na jibu, na wifi alikuwa na lingine, na mtaalamu, ambaye alikuwa amezunguka mitaa kumi na nne tangu Jumapili, alisema bomba litakuwa na midomo miwili, mmoja kila upande. Mawifi wakatazamana. Hilo hawakulitegemea. Kwa sura zao mtu angedhani limewaridhisha.

"Na utakaofunguliwa kwanza ni upi?" wifi aliuliza.

Mtaalamu akakunja daftari, akaketi barazani kwa Mama Pindo, akaomba maji ya kunywa. Mama Pindo akaingia ndani, akatoka. Wifi akaingia kwake, akatoka. Asubuhi nzima walikuwa mkutanoni, na mitungi yote miwili ilikuwa mitupu. Basi kila mmoja akachukua ndoo yake, wakaushika mlima kuelekea kisimani, wanabishana njia nzima juu ya upi utafunguliwa kwanza, goti linalia, na wifi, kila baada ya maneno matatu, anataja namba ya hatua.